Mguu wa Boti, Gereji ya Pasua

Uliuleta umeviringishwa kanga ya mkeo,
nyuma ya pikapu, katikati ya magunia ya vitunguu,
ukaushusha peke yako, Mrutu, hukutaka mkono wa mtu.
Watoto wa jirani wakauliza: hili dude ni la nini?
Hapa kwetu tunafufua trekta, pampu, mashine za kukoboa.
Maji makubwa hatuna. Tuna mlima,
na siku hiyo ulikuwa umejifunika gubigubi.

Ukaeleza. Injini inawaka, inanguruma vizuri tu,
ila ukiingiza gia, mawe ndani ya debe,
kisha basi.
Boti inasimama katikati ya bwawa la Nyumba ya Mungu
na abiria kumi na mmoja wanakutazama wewe,
na jogoo mmoja naye anakutazama.
Propela umebadilisha mara mbili. Plagi zote mpya.
Shemeji yako anasema ni jicho la mtu wa ng'ambo.

Nikachukua bisibisi pana, nikalegeza boliti ya chini.
Oili ya gia hutoka rangi ya asali,
au nyeusi ikiwa imechoka.
Hii ilitoka chai ya maziwa,
nzito, ina povu, ya kumkaribisha mkwe.
Uliigusa, ukainusa, ukajifuta kwenye suruali.
Maji, nikasema.
Yameingia mahali pasipo na mlango.

Kazi yangu kubwa ni kukataa.
Nikaikataa sili ya propela, midomo yake mizima.
Nikaikataa boliti yenyewe na washa yake.
Nikapuliza hewa kwa pampu ya baiskeli,
nikapaka povu la sabuni ya mche kila kiungo,
nikachuchumaa kusubiri.
Adhana ya Alasiri ikapita.
Kule juu, shafti inapoingilia,
kiputo kimoja kikavimba polepole, kikapasuka,
kikavimba kingine.

Hapo ndipo penyewe. Krosi imeliwa na kutu,
beringi zake zimekuwa unga mwekundu,
shafti ikawa inacheza, ikaitafuna sili.
Lakini kutu ya nini, mahali panapokaa pakavu,
ndani ya ule mpira wa mikunjo?
Ukautoa mpira kwenye mfuko wa sembe.
Nikaukunjua mkunjo kwa mkunjo mbele ya mwanga,
na kwenye shingo, chini ya klipu,
ufa mwembamba, urefu wa ukucha.

Klipu ile ni ya bomba la maji la Landrova.
Niliifunga mimi.
Mwaka juzi, jioni, taa imekatika,
ulikuwa na haraka nami nilikuwa na njaa,
nikaikaza mpaka ikalia, nikaongeza nusu mzunguko
wa kujisifu.

Ningeweza kusema mpira umezeeka. Mpira huzeeka.
Ungeamini; uliamini hata jicho.
Marehemu baba aliyenifundisha spana
alikuwa akisema mficha uchi hazai,
nami nilidhani anazungumzia wazazi.
Nikakwambia.
Hukugombana. Uliinama ukafunga kamba ya kiatu
ambayo haikuwa imefunguka.

Siku tisa. Mpira mpya ukapanda basi kutoka Dar.
Sili nikaipata ya trekta, kipimo kilekile,
krosi nikaigonga kwa nyundo ya shaba, taratibu,
na klipu, ya chuma kisichoshika kutu,
niliikaza kwa vidole viwili, nikaiacha.
Tukauzamisha mguu kwenye nusu pipa,
nikazungusha shafti kwa drili.
Propela ikachota maji ikatumwagia wote,
mtoto mmoja akapiga kelele: inaogelea!

Pesa ya ufundi nilikataa. Ya vipuri ulilipa,
ukahesabu noti mara mbili, hukunitazama.
Kama tumemalizana sijui.
Sijasikia habari za bwawa tangu Kwaresima.
Kanga ya mkeo ulisahau, ipo msumarini;
nimeifua kwa majivu, nimeifua kwa petroli.
Lile doa la chai halijatoka.